Baba Mkwe wa Ofisini

Kosa langu lilikuwa kujibu. Siku yangu ya kwanza katika tawi la Bungoma, kabla hata sijaonyeshwa misumari inawekwa wapi, meneja alinipa mkono, na kabla hajauachia akaniuliza, "Na wewe ni mtu wa wapi?" Nikasema Kitale. Jibu hilo lilitosha kabisa, na mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini nilitaka anipende, na mimi nikitaka kupendwa hunitoka maneno mengi. Nikamweleza kwamba wazazi wangu ni watu wa Mkoa wa Kati waliohamia Trans-Nzoia kulima kabla sijazaliwa, ila mimi nimeolewa huku huku Bungoma, sehemu za Bumula, na nikautaja ukoo wa mume wangu kwa fahari ya mwanafunzi aliyekariri vizuri.

Mkono wake ulichomoka kama wa mtu aliyeshika sufuria ya moto. Alirudi nyuma hadi akagota kwenye ndoo za rangi.

"Huko ni kwetu," akasema. "Boma gani?"

Jina la baba mkwe sikuruhusiwa kulitaja, hilo nilifundishwa wiki ile ile ya harusi, kwa hiyo nikamwelekeza tu: ng'ambo ya kisima cha kanisa, penye mikaratusi miwili. Akatikisa kichwa polepole. Baba mkwe wangu ni mtu wa ukoo wake, tena waliingia jandoni mwaka mmoja, na kwa hesabu za huko hao ni zaidi ya ndugu. Mimi basi nilikuwa mke wa mtoto wake. Naye, kuanzia dakika ile, alikuwa baba mkwe wangu.

Asiyejua heshima za wakwe za Bungoma atadhani natia chumvi. Mke hashikani mkono na baba mkwe. Hakalii kiti chake, hapiti karibu naye mpaka nguo zigusane, hamkazii macho akiongea, na hawabaki wawili ndani ya chumba kidogo. Nyumbani jambo hili si gumu. Nyumbani kuna uwanja mpana na milango miwili, na baba mkwe wangu halisi namwona mara tatu kwa mwaka. Nakiri hata niliipenda heshima hiyo, maana yule mzee hajawahi kuninyanyulia sauti. Lakini sisi tulikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ofisi ya meneja ilikuwa na ukubwa wa choo, na njia ya kwenda stoo, ambayo ndiyo nilihamishwa kutoka Kitale kuja kuisimamia, ilipita mbele ya mlango wa ofisi hiyo.

Mchana wa siku hiyo hiyo akatoa utaratibu. Hakunipa mimi. Alimpa keshia, mama wa makamo kutoka Webuye, mwenye ulimi mwepesi na miguu mizito.

"Mwambie mtu wa stoo," alisema, nami nimesimama hatua nne kutoka kwake, "kwamba akiwa na neno apitishie kwako."

"Umesikia?" keshia akaniuliza.

"Nimesikia."

"Amesikia," keshia akamwambia.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miezi kumi na minne.

Ningependa kusema nilizoea. Sikuzoea. Meneja huyu angekuwa mgumu hata bila ukwe. Alikuwa mtu wa kurudia kazi ya mwenzake kwa macho, anayetembea nyuma yako akinyoosha kile ulichokwisha kunyoosha. Sasa ukichanganya tabia hiyo na kutoweza kuniambia neno, unapata adhabu ambayo sijui kama ina jina. "Mwambie mtu wa stoo kwamba mabati hayapangwi kama kuni." "Muulize mtu wa stoo kama kwao simiti hulazwa kwenye unyevu." Kufokewa mbele ya watu ni jambo moja. Kufokewa kupitia kwa mtu, naye anatafuna njugu, ni jambo jingine kabisa. Keshia akiwa na furaha alipunguza ukali njiani. Akiwa ameamka vibaya aliuongeza, kisha ananitazama aone umeingia.

Niliwaza habari ya simu. Nilimwomba keshia amshauri awe ananitumia ujumbe, maana ujumbe hauna mkono wala uso. Meneja akakubali kwa namna yake. Alifungua kikundi cha WhatsApp cha watu watatu, yeye, keshia na mimi, akawa anaandika humo: "Mhusika aondoe seng'enge iliyoachwa nje." Mhusika nilikuwa mimi, siku zote. Nikijibu "Sawa, Baba," kimya. Keshia akituma kidole gumba, naye anatuma chake.

Mume wangu ni mwalimu Kitale, na binti yetu alikuwa gredi ya pili huko huko. Mimi nilipanga chumba Kanduyi, karibu na kazini, nikawa narudi nyumbani Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri, mtoto akiwa bado amelala. Mama yangu ndiye aliyemwogesha, akamsuka, akamsikiliza akisoma. Jino lake la kwanza liling'oka siku ya Jumatano, na mimi nikalionea kwenye picha. Nilipomlalamikia mume wangu habari za meneja aliniambia subira huvuta heri. Nikamwambia basi aje aivute yeye.

Siku moja, wiki mbili hivi kabla ya Pasaka, keshia alikwenda kliniki. Wapakiaji walikuwa nje, wamekaa juu ya rori wakingoja. Ndani tukabaki meneja na mimi, na sikujua itakuwaje. Alitoka ofisini, akanipa mgongo, akasimama mbele ya mizani ya misumari.

"Mabati ya yule mteja wa Webuye yaende reo," akaiambia mizani kwa lafudhi ya kwao. "Yasichanganywe na ya Kibabii."

Akachukua kofia yake, akatoka kwenda benki. Nilikimbia hadi kwenye mizani, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeambiwa, nikauliza, "Ni mangapi, Baba?" Alikuwa keshavuka geti. Karatasi yenye idadi ilifungiwa ofisini. Nilipiga simu yake mara nne na hakushika, na nilijua kwa nini hakushika: kuongea nami peke yetu, hata kwa simu, kwake kulikuwa ni kule kule kukaa chumba kimoja. Rori haikuweza kungoja. Nikapakia sitini, kwa sababu mteja yule alichukua sitini safari iliyopita.

Yalikuwa arobaini. Rori ikarudi na mabati ishirini, na kesho yake keshia akaniletea bahasha. Ilikuwa barua ya onyo. Sababu: amepakia mali bila kuuliza.

Nilikwenda nyuma nikakaa juu ya mifuko ya simiti nikalia. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, nataka hilo lieleweke. Kwamba niliiuliza mizani mbele ya macho ya Mungu, na bado naambiwa sikuuliza.

Sitaki kumfanya shetani. Mtoto wangu aliposhikwa na malaria, keshia hakuwa amemaliza hata kueleza, na meneja alikwisha amuru rori ya kwenda Kitale ibadilishe ratiba initangulize. Nikiwa na homa alinitumia chai ya tangawizi kila siku saa nne, kupitia kwa keshia, ikifika imepoa. Na hakuwahi kusema uongo, hata wa kujifaa. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia vizuri. Ukijaribu kumchukia, chai inafika.

Mwezi wa Novemba habari ikaja kwamba msimamizi wa duka la Kitale anastaafu kurudi shambani, na nafasi yake itajazwa kuanzia Januari. Mwenye maduka yetu ni mzee wa Kisikh anayekaa Kitale, ndiye aliyenifundisha kazi kwa miaka saba, kabla sijahamishwa. Nilimpigia simu siku hiyo hiyo. Nilimwambia naitaka, na sababu yangu ana miaka saba na pengo mdomoni.

"Mimi najua wewe, mama," akasema. "Kazi yako mimi najua. Lakini karatasi ya meneja lazima iko. Bila karatasi, watoto yangu watasema mimi napendelea."

Karatasi yenyewe ilikuwa fomu ya kupima mfanyakazi, kurasa mbili, na juu imeandikwa kwamba meneja na mfanyakazi wakae pamoja, wazungumze, kisha kila mmoja atie sahihi. Mwisho wa mwezi iwe imefika Kitale. Nilipoyasoma maneno hayo, wakae pamoja, wazungumze, nilijua pa kukwama ni hapo.

Wiki ya kwanza alisema, "Mwambie nitaangaria." Wiki ya pili nikamkumbusha kupitia kwa keshia, na jibu likawa refu kidogo.

"Mwambie mimi na yeye hatuwezi kukaa kwa hiyo ofisi. Watu watasema nini?"

Nikapendekeza tukae uani. Akasema meza moja ni meza moja, hata ikiwekwa barabarani. Nikapendekeza mlango uachwe wazi na keshia akae katikati. Akasema fomu imeandika watu wawili, haikuandika watatu. Nikapendekeza anijazie tu mwenyewe anavyonijua, mimi nitasaini. Akasema hiyo ni kudanganya karatasi. Kila jibu lilikuwa na ukweli ndani yake, na yote kwa pamoja yalikuwa ukuta. Mwishowe akasema mwacha mila ni mtumwa, na keshia akanigeukia akanirudilia maneno hayo, kana kwamba sikusikia kwa masikio yangu.

"Mwambie huyo mtumwa ana mtoto Kitale," nikasema.

Keshia alinitazama, akaacha kutafuna. "Hiyo sibebi, dada," akasema. "Hiyo utabeba mwenyewe."

Jumapili hiyo sikwenda nyumbani. Nilikwenda Bumula kwa shangazi wa mume wangu, mjane mwenye shamba dogo la miwa na mdomo mkubwa, mtu ambaye wanaume wa ukoo ule humwamkia kwanza. Nilimweleza yote, pamoja na mizani. Nilipofika kwenye mizani alicheka hadi akaegemea mlango. Kisha akaacha kucheka.

"Ati hawezi kukaa na wewe," akasema. "Lakini kukugombeza anaweza? Baba mkwe hagombezi bibi ya mtoto, bana. Hata hiyo pia ni mira. Yeye ameshika upande mmoja tu wa kamba, ule mwepesi."

Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Miezi yote ile nilidhani nashindwa na mila ya watu, kumbe nilikuwa nashindwa na nusu yake. Nilikasirika upya pale pale, kikombe mkononi.

Shangazi akanieleza kwamba iko njia ya kulegeza. Kila nyumba ina yake. Kwao mke humletea baba mkwe kuku, naye baba mkwe humpa mke kitambaa, wanashikana mikono mbele ya mashahidi, na kuanzia hapo wanaweza kukaa na kuongea bila aibu. Baba mkwe wangu halisi hakuona haja, kwa kuwa tulikuwa tukiishi mbali na kwa amani. Huyu wa ofisini, alisema shangazi, haja anayo, ila hajaambiwa na mtu anayeweza kumwambia. Akachukua simu akampigia mbele yangu, akaongea Kibukusu kwa dakika mbili, akakata bila kuaga.

Jumamosi iliyofuata akatokea dukani saa nane mchana na kuku ndani ya kikapu. Meneja alipomwona alisimama kama mtoto wa shule. Nilimwona kwa mara ya kwanza hajui mikono aiweke wapi. Shangazi hakuingia ndani. Alitusimamisha uani, kati ya mabomba na gata za kukingia mvua, akawaita wapakiaji, akamwita keshia, na mteja mmoja aliyekuja kununua misumari akavua kofia, akangoja.

Nilimpa kuku. Alimpokea kwa kumshika miguu, kuku akapiga mbawa na kuchafua mfuko wa simiti, na meneja yule yule ambaye angeniandikia barua kwa sababu ya doa dogo kuliko lile hakusema neno. Kisha akatoa leso mpya kutoka kwenye mfuko wa nailoni, shangazi akanifunga mabegani.

"Shikaneni," akasema.

Mkono wake ulikuwa baridi, na macho yake hayakutoka kwenye viatu vyake. Nilishangaa. Katika hasira zangu zote sikuwahi kufikiri kwamba naye aliogopa, kwamba labda miezi ile yote aliamka kila siku akiwaza jinsi ya kupita mbele ya mlango wa stoo. Nilijisikia vibaya kidogo. Watu wakapiga makofi, keshia akafuta jicho, na mteja akapewa misumari yake.

Jioni nilifika Kitale nimejifunga ile leso. Nilipaswa kunyamaza mpaka jambo liive, lakini hata nikifurahi hunitoka maneno. Nikamwambia binti yangu huenda Januari nikahamia nyumbani moja kwa moja. Hakuruka wala kushangilia. Aliingia chumbani, akatoa vitabu vyake kwenye rafu ya chini, akasema hapo nitaweka nguo zangu.

Jumatatu asubuhi meneja mwenyewe alifungua mlango wa ofisi. "Mama," akaniita, na keshia akageuka kuangalia ni nani anayeitwa. "Ingia."

Niliingia. Nilikaa. Chumba kilikuwa na kalenda tatu za miaka iliyopita na harufu ya karatasi mpya ya msasa. Alivuta mtoto wa meza, akatoa ile fomu, akaiweka mbele yangu na kalamu juu yake. Ilikuwa imejazwa yote. Sahihi yake ilikuwepo, na tarehe yake ilikuwa ya siku kumi nyuma, kabla ya kuku, kabla ya leso.

Nikasoma. Kufika kazini kwa wakati: vizuri sana. Uaminifu: vizuri sana. Ujuzi wa mali: vizuri sana, na hapo aliongeza kwa mkono wake kwamba sijawahi kupoteza hata bomba moja. Kisha mstari wa mwisho. Kuelewana na mkubwa wake: hafifu. Haongei na meneja. Haingii ofisini.

Nikausoma tena, polepole, kama mtu anayetafuta neno lililorukwa.

"Niripiga picha nikatuma kwa mzee," akasema. Sauti yake ikija moja kwa moja ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Hii ni ya faili. Unasaini tu hapo chini. Ijumaa alishapatia mtu mwingine ile kazi. Anasema msimamizi wa duka lazima awe mtu wa kuongea."

"Ulijaza kabla hatujakaa."

"Siku zilikuwa zinaisha. Na hatungeweza kukaa."

"Jumamosi ulinishika mkono, Baba. Ulikuwa umeshatuma."

"Shangazi yako alikuwa ameshafika na kuku," akasema, kwa upole kabisa. "Ningemrudisha aje? Na niliyoandika ni kweli. Hukuwa unaongea na mimi."

Nilikuwa na maneno ya miezi kumi na minne, na ruhusa ya kuyasema, na mlango uliofungwa. Nilichagua moja.

"Baba, na kama ningekuwa naingia humu kila asubuhi, nakalia kiti hiki, naongea na wewe hivi hivi, ungeandika nini?"

Aliitazama fomu, akanitazama mimi, na nikaona anatafuta jibu la kweli, kwa sababu hakujua kutoa jingine.

"Ningeandika hauna heshima," akasema.

Nikachukua kalamu. Nikatia sahihi pale panaposema mfanyakazi amesoma na kukubali, nikamrudishia karatasi yake mkono kwa mkono, kisha nikatoka uani kumpigia mtoto simu kabla hajaingia darasani, nimwambie arudishe vitabu vyake kwenye rafu.